Nyumba za Majengo, Mombasa, na majina ya ploti yaliyomo mtandaoni: naomba mwongozo

Mwalimu_Majengo ameuliza:

Assalaam aleikum, na salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya upili hapa Mombasa. Mwaka huu wanafunzi wangu wa chama cha historia wameazimia kuandika historia ya mtaa mmoja wa Majengo, nyumba baada ya nyumba, kabla zile chache zilizosalia za udongo na boriti hazijabomolewa kupisha maghorofa. Tulianza na Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo toleo lake la kwanza lilitoka Novemba 1899, kwa kuwa kurasa zake nyingi za enzi ya ukoloni sasa husomeka bure kupitia Google Books na tovuti ya Gazettes.Africa.

Tatizo letu ni hili. Bibi mmoja wa mtaani, aliyepita miaka themanini, anasimulia kwamba nyumba anayoishi ilijengwa na nyanyake mzaa mama kwa fedha za kuuza vitumbua na mikate ya mofa. Lakini tangazo la hati iliyopotea katika Gazeti linaitaja ploti hiyohiyo kuwa mali ya mwanamume ambaye bibi hamjui kama jamaa, bali humkumbuka kwa jina la "tajiri wa kiwanja". Wanafunzi wengi wanashikilia kwamba karatasi ya serikali ndiyo yenye ukweli na kwamba bibi amechanganya mambo. Mimi nafsi yangu haikuridhika, maana bibi huyu hutaja hata fundi aliyepiga kuta na msimu wa mvua ulioharibu paa la kwanza. Je, tufuate lipi, na tutafute wapi zaidi?

Karani_Mstaafu amejibu:

Waaleikum salaam, Mwalimu. Bibi hakukosea, wala Gazeti halikukosea. Nimeshika rejista za ardhi kwa miaka mingi, na swali lako ndilo ambalo watu hulikosea kila siku. Rejista ya ardhi humwandika mwenye ardhi. Katika Majengo, kama katika mitaa mingi ya Mombasa, mwenye ardhi ni mmoja na mwenye nyumba ni mwingine, na hiyo ndiyo tunayoiita nyumba bila ardhi. Mtu hujenga kwa idhini ya mwenye kiwanja, humlipa kodi ya ardhi, na nyumba huwa mali yake ya kuuza na kurithisha. Akiiuza, kinachouzwa ni kuta na paa, si udongo ulio chini yake, kwa hiyo kwa kawaida mauzo hayo hayaingii katika rejista hata yakifanyika mara kumi.

Kwa hiyo nyanyake bibi hutamwona katika Gazeti kama mwenye ploti, hata ukipekua mpaka macho yaume. Mtafute katika risiti za kodi ya ardhi, katika hati za mapatano ya mauzo, na katika mafaili ya mirathi ya mahakama ya kadhi. Muombeni bibi, kwa adabu, awafungulie sanduku lake.

Neno moja kuhusu Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni, kwa sababu najua mtu atautaja. Mfumo huo ulizinduliwa Aprili 2021, ukianzia Nairobi, na umetengenezwa kwa shughuli za leo: kujua nani anamiliki sasa, kuhamisha umiliki, kulipa ada. Mwanahistoria asitarajie humo mlolongo wa wamiliki wa tangu enzi za rupia.

Bint_Kibokoni amejibu:

Namuunga mkono mzee wetu Karani, nami naongeza namna ya kutafuta, kwa kuwa nimeihangaikia mwenyewe nilipokuwa nikitafuta habari za ukoo wetu.

Kwanza, msitafute kwa jina la mtaa. Matangazo ya ardhi ya Mombasa huitambulisha ploti kwa nambari, na nambari ya bloku au seksheni mara nyingi huandikwa kwa tarakimu za Kirumi, ambazo kompyuta ikisoma picha ya ukurasa uliofifia huzigeuza kuwa herufi zisizo na maana. Pili, jaribuni kila tahajia ya jina. Swaleh mmoja anaweza kuwa Saleh, Salehe au Sualeh, na makarani wa enzi ya ukoloni waliandika walivyosikia. Tatu, someni matangazo ya mirathi, ambayo watafiti wengi huyaruka. Humtaja marehemu, mahali alipokuwa akiishi, na aliyeomba kusimamia mali yake, na huko wanawake huonekana kwa majina yao wenyewe.

Sisi nyumbani tuna hati moja ya zamani iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, yenye mikunjo minne iliyokwisha kupasuka. Haina nambari ya ploti hata moja. Mipaka yake imetajwa kwa majirani: upande wa kibla (kaskazini) ni nyumba ya fulani, suheli (kusini) ni fulani, matlai (mashariki) ni fulani binti fulani, na magharibi ni njia. Bei imeandikwa kwa rupia, kwa hiyo tukajua kwamba ni ya kabla ya sarafu kubadilishwa, mwaka 1920 na 1921. Hati moja hivyo hukupa watu wanne zaidi wa kuwatafuta, na hao ndio mtaa wenyewe.

Mpwani_Msomaji amejibu:

Mwalimu, naomba wanafunzi wako waulize pia ni nani hasa aliyeweza kuandikwa, kwa maana hapo ndipo penye uchungu wa historia yetu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye madai katika ukanda wa pwani ajitokeze na athibitishe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria katika ukanda huohuo mwaka 1907 tu. Fikiria mtu aliyeachwa huru mwaka mmoja kabla, anayelima shamba bila karatasi yoyote, akitakiwa kwenda mbele ya ofisa na mashahidi. Wamijikenda wengi nao walibaki nje ya vitabu hivyo, na maskwota wa leo wa pwani wengi ni wajukuu wa waliokosekana humo. Kwa hiyo jina likikosekana katika rejista, msiandike kwamba mtu hakuwapo.

Someni pia hukumu za Mahakama ya Mazingira na Ardhi katika tovuti ya Kenya Law, ambazo ni bure. Jaji huanza mara nyingi kwa kusimulia ardhi ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani, na mashahidi wazee hunukuliwa wakitaja miti, visima na makaburi. Ila kesi za watu walio hai msizitaje kwa majina katika kazi ya shule, hata kama hukumu iko wazi kwa kila mtu. Majirani watawasoma.

Mwalimu_Majengo amerudi:

Ahsanteni sana, na Karani, Mungu akuzidishie umri. Jana tulikwenda kwa bibi na barua ya shule, akatutolea mkoba wa ukili uliojaa risiti za kodi ya ardhi, zimefungwa kwa uzi mmoja. Zote zina jina la nyanyake. Juu ya kila risiti imeandikwa nambari ya ploti, na ni ileile ya kwenye Gazeti, tena kila risiti imetiwa sahihi na yule tajiri wa kiwanja. Mwanafunzi aliyekuwa akimpinga bibi kwa nguvu zaidi ndiye aliyeomba ruhusa ya kuzinakili, naye alikaa sakafuni mpaka magharibi akiziandika moja moja.

Bibi ametutajia jirani wa upande wa matlai, ambaye mamake alinunua nyumba bila ardhi na hati anayo. Jumamosi tunakwenda huko.