Mjadala: Kocha aliyemkalisha mrushaji wake benchi siku ya fainali, alikosea?

Mwanzilishi wa mada, Mtwara mjini

Wakuu, habari za jioni. Nitaanzia mbali kidogo, Japani, halafu nitarudi hapa kwetu.

Julai 2019, mkoa wa Iwate. Shule ya sekondari ya Ofunato imefika fainali ya besiboli ya mkoa. Wakishinda wanakwenda Koshien, mashindano ya taifa ya shule ambayo Wajapani wanayafuatilia kama sisi tunavyofuatilia Simba na Yanga, na shule yao haijakanyaga huko tangu 1984. Wanaye kijana wa miaka 17, Roki Sasaki, ambaye miezi mitatu nyuma mpira wake ulipimwa kilomita 163 kwa saa. Siku ya fainali kocha akamkalisha benchi mwanzo mpaka mwisho. Ofunato wakalala 12 kwa 2.

Kwa nini alimkalisha? Siku nne kabla, kijana alikuwa amerusha mara 194 katika mechi moja. Jana yake alirusha mara 129. Kocha akasema hataki aumie. Watu wakawaka, simu za lawama zikamiminika shuleni.

Kwa asiyeujua mchezo huu: mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji mwenye gongo, na kila kitu kinaanzia mkononi mwake. Mpira wenyewe ni mdogo, gramu 145 hivi, mgumu, umeshonwa kwa ngozi. Dada zangu mliocheza rede mtanielewa upesi, maana na kule mwenye kurusha ndiye mwenye mchezo. Tofauti ni kwamba huyu anaukunjua mkono kama mjeledi, na kila mrusho unaivuta ile kano ya upande wa ndani wa kiwiko. Mrusho mmoja haumwumizi mtu. Kinachoumiza ni ule wa 150, mwili umechoka na bega halisaidii tena, mzigo wote umebaki kwenye kiwiko.

Mimi nasema kocha yule alifanya sawa. Nasema pia kwamba mashindano yetu ya shule, kuanzia ngazi ya wilaya hadi UMISSETA taifa, yawe na kanuni ya maandishi ya kumpumzisha mtoto anayetumia mkono: mpira wa mikono, mkuki, tufe, netiboli.

Sisemi kwa kusoma tu. Nilicheza mpira wa mikono sekondari, hapa hapa kusini. Nilikuwa mfungaji. Mwaka wa mwisho tulicheza mechi sita kwa siku tano, na tangu mechi ya pili bega langu la kulia lilikuwa linachoma. Nilimwambia mwalimu. Akanipaka dawa ya kuchua, akanifunga kitambaa, akasema "jikaze, wewe ndiye timu." Nilijikaza. Tulichukua kombe. Leo nina miaka 34, na nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, nazi moja naikuna kwa vituo vitatu: nakuna, nashusha mkono, nausugua, narudi. Ndoo ya maji sijitwishi mwenyewe, namwita mtoto wa jirani aninyanyulie. Kombe lile sijui liko wapi.

Karibuni. Mnaopinga nawaomba zaidi.

Mzazi, Lindi

Dada, pole sana na bega. Limeniuma kusoma. Lakini kwa kocha yule tutatofautiana.

Wewe umemtazama Sasaki peke yake. Mimi nawatazama wale wengine waliovaa jezi ile ile. Sasaki alikuwa tayari amejulikana nchi nzima, timu za kulipwa zilikuwa zinamsubiri mlangoni. Wenzake je? Kwao ile fainali ndiyo ilikuwa siku yao ya mwisho ya maana katika besiboli. Miaka 35 shule inasubiri, halafu mtu mmoja anaamua kwa niaba ya wote. Na kijana mwenyewe aliulizwa?

Tena umetaja Japani, basi na mimi nina Mjapani wangu. Daisuke Matsuzaka, Koshien ya mwaka 1998, robo fainali: mechi ilikwenda vipindi 17 badala ya tisa vya kawaida, na alirusha mara 250 peke yake. Siku mbili baadaye akasimama fainali na wapinzani hawakupata hata pigo moja salama. Akawa mrushaji mkubwa, akaenda Marekani, mwaka 2007 akachukua ubingwa na Boston Red Sox. Angewekwa benchi siku ile, nani angemjua?

Mtoto wa Ruangwa au Liwale ana dirisha moja tu la kuonekana. Tunaona Namungo FC imetoka Ruangwa mpaka makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, lakini kwenye michezo mingine watoto wetu hawana klabu ya kuwasubiri. Wana UMISSETA. Ukimpumzisha siku ambayo watu wa kumwona wamekuja, umemfungia dirisha na mwakani ameshamaliza kidato cha nne.

Kijana, Masasi

Nacheza mpira wa mikono shuleni, kidato cha tatu. Mimi naungana na mzee wa Lindi. Kama ni fainali nitacheza hata mkono ukiwa umevimba. Kukaa benchi wenzangu wanafungwa naona ni kuumia zaidi. Dada shikamoo, samahani kama nimekukosea.

Mwalimu wa michezo, wilaya ya Nachingwea

Nimesoma yote. Naomba nieleze kitu ambacho nyie hamkioni mkiwa upande wa mashabiki.

Hakuna mwalimu anayependa kumwumiza mtoto. Ratiba ndiyo inaumiza, na ratiba inapangwa na chakula. Ukikusanya wanafunzi kambini, wanalala madarasani, wanakula mchele na maharage ya bajeti ya siku chache. Kila siku ya kupumzika ni siku ya sufuria. Kwa hiyo mechi zinabanwa: asubuhi moja, jioni moja, kesho tena. Halafu hesabuni ngazi: shule, kata, tarafa, wilaya, mkoa, taifa. Mtoto mzuri anapita kote huko ndani ya wiki chache, na kila ngazi kocha mpya anampokea bila kujua wiki iliyopita alirusha kiasi gani. Mimi namkabidhi mtoto kwa kocha wa mkoa na jina lake tu. Sina karatasi inayosema "huyu kiwiko kinamsumbua." Mwaka 2021 mashindano ya taifa yalipokuwa hapa Mtwara niliona watoto niliowafahamu, nikamwona mmoja anarusha mkuki huku anauma midomo, na sikuwa na cheo cha kumwambia mtu yeyote amtoe.

Na jambo la pili, hili ni gumu. Nikimpumzisha mtoto tukafungwa, mkuu wa shule ataniuliza mimi. Wazazi wataniuliza mimi. Kocha wa Ofunato alibeba lawama ile peke yake. Mimi sijui kama ningeweza.

Kwa hiyo msiniulize alikosea au hakukosea. Niulizeni kwa nini aliachwa peke yake.

Mwanzilishi wa mada, Mtwara mjini

Mwalimu, shikamoo. Umesema nilichoshindwa kukisema mwanzo. Yule mwalimu wangu nilimchukia miaka mingi. Leo ndiyo nafikiria kwamba na yeye alikuwa anamwogopa mtu.

Hapo hapo ndipo kanuni inapohitajika. Wajapani baada ya sakata lile hawakuishia kubishana. Shirikisho lao la besiboli ya sekondari liliweka kikomo kuanzia 2020: mrushaji asizidishe mirusho 500 kwa wiki moja katika mashindano rasmi. Marekani tangu 2014 wana mwongozo kwa umri: wa miaka 15 na 16 mwisho mirusho 95 kwa siku, na akivuka 75 apumzike siku nne kamili. Kocha akishika karatasi kama hiyo, mzazi atagombana na karatasi.

Baba wa Lindi, heshima yako. Matsuzaka ni kweli yote uliyosema. Ongeza na mwaka 2011, akiwa huko Boston, alipasuliwa kiwiko. Ni upasuaji ule uliopewa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974: wanachukua kano sehemu nyingine ya mwili wanaipandikiza kiwikoni. Tommy John akarudi uwanjani 1976, akacheza mpaka 1989. Lakini yeye alikuwa na daktari bingwa na mshahara. Binti wa Tandahimba kano ikikatika atapandikiziwa wapi na nani? Tunapomtaja Matsuzaka tunafanya kama mtoto anayepopoa maembe: tunalishangilia embe lililoanguka, mawe yaliyopotelea porini hatuyahesabu.

Nisifiche upande wa pili. Sasaki mwaka 2022, akiwa na miaka 20, alirusha mechi kamilifu: wapigaji 27 walikuja, 27 walirudi, 19 kati yao kwa mikwaju mitatu ya kukosa. Ningependa niishie hapo. Lakini 2025, mwaka wake wa kwanza kwenye timu ya Los Angeles, Marekani, bega lilimweka nje kwa miezi. Kwa hiyo kupumzishwa siku moja hakukumfanya awe chuma. Kulimpa nafasi tu.

Na kuhusu dirisha moja: Tayler Scott, mrushaji mzaliwa wa Johannesburg, alichaguliwa na Chicago Cubs, timu ya ligi kuu ya Marekani, mwaka 2011. Aliachwa, akaenda ligi ndogo isiyo na uhusiano na timu yoyote kubwa, akauzwa, na alirusha katika ligi kuu mara ya kwanza Juni 2019 akiwa na Seattle Mariners, mrushaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kufika huko. Miaka minane. Mkono wake ungekwisha mwaka wa tatu tusingekuwa na habari zake.

Mdogo wangu wa Masasi, marahaba. Hujanikosea. Nilikuwa kama wewe, neno kwa neno.

Mzazi, Lindi

Miaka minane sikuijua. Bado nasema wale wenzake Sasaki walistahili kuulizwa. Lakini kanuni ikiwepo kabla ya mashindano, wote wanaijua tangu siku ya kwanza na wanaandaa warushaji wawili au watatu. Hapo sina ubishi.

Mwalimu wa michezo, wilaya ya Nachingwea

Siku za mapumziko siwezi kuziongeza, sufuria si yangu. Daftari naweza. Jumatatu namweka mwanafunzi mmoja pembeni ya uwanja, kila mrusho wa mfungaji anapiga kistari, na mtoto akienda ngazi ya wilaya anaondoka na ukurasa wake.

Kijana, Masasi

Mwalimu shikamoo. Na mirusho ya mazoezini inahesabiwa? Maana sisi asubuhi ya mechi huwa tunarusha golini kama saa nzima.

Mwalimu wa michezo, wilaya ya Nachingwea

Marahaba. Inahesabiwa. Leo asubuhi ulirusha mingapi?