Naomba ushauri: mayai ya mbu wa dengi hayaanguliwi

Habari za jioni wakuu. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu Aedes aegypti, yule mbu mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana, hapa Dar es Salaam. Nimetega vikopo 40 vyeusi vyenye maji na kipande cha kitambaa, uani mwa watu na kwenye gereji za matairi.

Mayai napata, tena mengi. Shida ni kuyaangua: nikiyazamisha majini, labda moja kati ya kumi ndilo linatoa kiluwiluwi. Nilikausha vitambaa siku mbili, nikaongeza hadi tano. Nikahisi klorini ya maji ya bomba, nikahamia maji ya mvua. Wapi! (Na mama mwenye nyumba mmoja amemwaga vikopo vyangu vitatu akisema nafuga mbu. Simlaumu, dengi ya 2019 aliiona.)

Wenye uzoefu, vitambaa nivikaushe kivulini siku ngapi bila mayai kusinyaa? Na maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye oksijeni kidogo, yanayaamsha kweli? Msimamizi wangu yuko safarini, na mvua zinaelekea kwisha.