Swichi ya mkiani inayowaka: LED ya buluu, kijani au nyekundu, mpira unaong'aa, au tritiamu?

Mpapasa_Giza

Wakuu, salaam. Nina tochi ya LED ya betri moja ya 18650 (ya lithiamu, ya kuchaji), swichi ya kubonyeza iko mkiani. Naipenda sana, ila usiku wa manane nikiihitaji napapasa meza nzima na mara mbili nimeiangusha. Nataka kitako chake kiwake kidogo muda wote ikiwa imezimwa.

Nimeshajaribu njia moja. Nilifungua mkia, nikachomelea LED mbili ndogo za buluu kwenye bodi ya swichi pamoja na rezista ya kiloomu 1, nikabadilisha mpira mweusi unaofunika kitufe nikaweka wa silikoni unaopitisha mwanga. Ikawaka. Lakini sasa ngazi za mwanga zimevurugika: nikiizima nikaiacha dakika nzima, nikiiwasha inaruka kwenda ngazi inayofuata kana kwamba nimebonyeza nusu tu, namna ya kubadilisha ngazi. Zamani ilikuwa inaanza na ngazi ya chini kila mara.

Je, niendelee na LED, au niachane nazo niweke mpira unaong'aa gizani? Kuna aliyeniambia kuhusu vichupa vya tritiamu pia, gesi yenye mionzi inayofanya kichupa king'ae chenyewe. Waliojaribu zaidi ya njia moja naomba mnilinganishie.

Fundi_Saketi

Mkuu, usitupe kazi yako, umefika zaidi ya nusu ya safari. Kinachokosekana ni rezista ya pili kule kichwani.

Tazama umeme unavyopita. Swichi ikiwa imezimwa, mkondo wa LED za mkiani hauna njia nyingine: unatoka chanya ya betri, unapita kwenye bodi ya kichwani, unashuka kwa bomba la tochi, unaingia mkiani kwenye LED, ndipo unarudi hasi ya betri. Yaani mkondo wote huo unapita kwenye chipu inayoongoza ngazi za mwanga. Chipu inabaki na volti kidogo na kumbukumbu yake haifutiki. Tochi za namna hii hutofautisha kubonyeza nusu na kuzima kabisa kwa kuangalia kama kumbukumbu, au chaji ya kapasita fulani, imeshapotea. Kwako haipotei, kwa hiyo chipu inaamini umebonyeza nusu.

Dawa yake: chomelea rezista ya omu 560 kwenye bodi ya kichwani, kati ya chanya ya betri na pete ya nje ya bodi, kabla ya dayodi ya kinga (inayolinda betri ikiwekwa kinyume). Mkondo wa mkiani utapita hapo badala ya kupita kwenye chipu. Halafu ile rezista ya mkiani ipandishe hadi kiloomu 10. LED ya buluu kwa mkondo mdogo hivyo hushika takriban volti 2.6, kwa hiyo betri ikiwa imejaa kwa volti 4.2 utapata kama miliampea 0.15. Zidisha kwa omu 560, utapata chini ya volti 0.1 juu ya chipu. Hapo italala kabisa.

Kisha, ukifika kwenye LED za mkiani, angalia upande wa chanya. Wengi hukosea hapa kwa kuwa wamezoea kwamba bomba la tochi ni hasi. Swichi ikiwa imezimwa ni kinyume: bomba ndilo chanya ukilinganisha na springi. Chanya ya LED ielekee pete ya nje, hasi ielekee springi. LED hizi ndogo huwa na alama ya kijani upande wa hasi, lakini usiiamini alama peke yake, pima kwanza kwa mita.

Binti_wa_Taa

Nimefanya kwa LED nyekundu na kwa kijani, tochi mbili za aina moja, kwa hiyo naweza kulinganisha.

Nyekundu niliipenda siku ya kwanza tu. Inashika volti 1.8 hivi, kwa hiyo inaendelea kuwaka hata betri ikiwa imechoka, na hapo ndipo tatizo lilipo. Kinga ya tochi dhidi ya betri kuisha iko kwenye bodi ya kichwani, nayo haina habari na LED ya mkiani. Kama betri yako haina bodi ya kinga, nyekundu itaendelea kuinyonya polepole hadi chini ya kiwango cha usalama. Nilisahau tochi kwenye begi betri ikiwa karibu tupu, nikaja kupima ina volti 2.1. Betri ile niliitupa. Buluu na kijani hujizima zenyewe kadiri volti zinavyoshuka, na ukizizoea unaweza kukisia hali ya betri kwa kutazama kitako: kikififia, ujue muda wa kuchaji umefika.

Kijani ndiyo ninayoishi nayo. Macho yakishazoea giza, na hilo huchukua dakika 20 hadi 30, yanaona rangi zilizo kati ya buluu na kijani vizuri kuliko nyekundu. LED ya kijani yenye rezista ya kiloomu 22, ambayo mchana hata huioni kama inawaka, saa nane usiku inaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Hili naona halisemwi vya kutosha: watu huchagua rezista juu ya meza ya kazi, taa zote zikiwa zimewaka, wanapata mwanga unaowafurahisha, kisha wanashangaa betri inakwenda wapi. Jaribu gizani. Kaa gizani nusu saa ndipo uamue.

Mzee_wa_Betri

Namuunga mkono Binti_wa_Taa. Hesabu ni hii: kijani chenye kiloomu 22 kinakula kama miliampea 0.08. Betri ya miliampea-saa 3000 ingedumu zaidi ya miaka minne, yaani ni sawa na hakuna kitu. Kwa LED inayokula miliampea 1 ni siku 125. Wapo wanaoacha tochi iwake usiku kucha kwenye ngazi ya chini kabisa badala ya kufanya haya yote. Kwa miliampea 5 hiyo ni siku 25.

Ila omu 560 ya Fundi_Saketi nina neno nayo. Tochi ikiwaka, rezista hiyo ya kichwani inabaki palepale kati ya chanya na hasi, inapoteza miliampea 7.5 bure. Kwenye mwanga mkali hutaiona. Kwenye ngazi ya chini inayotumia miliampea 5, umeshazidisha matumizi zaidi ya mara mbili. Ukipunguza mkondo wa mkiani, unaweza kuipandisha ya kichwani pia. Kwa miliampea 0.08, kiloomu 4.7 inatosha: chipu itabakiwa na volti 0.4 hivi, na upotevu ukiwasha unashuka hadi chini ya miliampea 1.

Fundi_Saketi

Kweli kabisa, mzee wangu. 560 ni mazoea ya tangu nilipokuwa naweka LED nne mkiani. Kwa kijani kimoja au viwili, kiloomu 4.7 ni bora. Kama kuna chipu itakayosumbua, ashuke hadi kiloomu 2.2.

Kimulimuli77

Mimi nina mpira unaong'aa na nina tritiamu, nijibu upande huo.

Mpira unaong'aa ni kazi ya dakika tano. Shika koleo lenye ncha nyembamba, ingiza kwenye vitundu viwili vya pete ya ndani, zungusha, toa swichi, badilisha mpira, rudisha. Pima kipenyo kwanza, mara nyingi ni milimita 14 au 16. Tatizo ni kwamba unahitaji kulishwa mwanga. Tochi ikikaa mezani chini ya taa, jioni utauona vizuri. Ikishinda kwenye droo au mfukoni, usiku haung'ai kabisa, na ndio wakati unaoutaka.

Tritiamu haihitaji betri wala mwanga, inapungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo. Lakini ni kichupa cha kioo, kinahitaji mfereji uliochongwa kwenye alumini na gundi safi, na nchi nyingine zina sheria juu yake. Mwanga wake ni hafifu kuliko LED ya kijani. Ningeiweka kwenye tochi isiyoweza kuwa na LED mkiani, mfano ya betri moja ya AA: volti 1.5 peke yake haziwashi LED ya kijani.

Msafiri_Usiku

Na za betri mbili mfululizo, volti 8.4? Kiloomu 22 bado inafaa?

Mzee_wa_Betri

Itawaka sana, miliampea 0.27. Weka kiloomu 56 mkiani. Kichwani usithubutu kuweka omu 560 ile ndogo, itakuwa inabeba wati 0.126 muda wote tochi inapowaka, na hapo ni joto la bure.

Mpapasa_Giza

Nimerudi. Nimetoa buluu, nimeweka kijani kimoja na kiloomu 22, kichwani kiloomu 4.7. Kupima nilitumia kipande cha waya kuunganisha ukingo wa bomba na pete ya mkiani, mita nikaiweka kati ya springi na hasi ya betri: miliampea 0.08, kama mzee alivyosema. Mara ya kwanza haikuwaka, nilikuwa nimegeuza LED. Ngazi zimerudi kama zamani, kila nikiwasha inaanza na ya chini.

Jana usiku nilizima taa nikalala. Nilipoamka niliiona kabla sijanyoosha mkono, doa dogo la kijani pembeni ya glasi ya maji. Swali moja limebaki, Binti_wa_Taa: nikilegeza mkia robo mzunguko ili isijiwashe kwenye begi, kijani hakizimiki. Yako inazimika?

Binti_wa_Taa

Yangu inazimika. Angalia hesi za bomba upande wa mkiani: kama ni alumini tupu inayong'aa, umeme unapita hata ukilegeza, na tochi nzima inaweza kujiwasha kwenye begi. Zangu zina ganda jeusi lisilopitisha umeme. Kwa hizo zako, legeza hadi springi iachane na betri, mizunguko miwili mitatu.