Feni zinazunguka, skrini nyeusi, inalia mara tatu: nianzie wapi?

Mwanafunzi_Ujiji
Habari zenu wakuu. Najifunza ufundi wa kompyuta hapa Ujiji. Nimeletewa desktopu: ukiiwasha feni zinazunguka, skrini haionyeshi kitu, inalia mara tatu, inanyamaza, inarudia. Mwenye nayo ameshaambiwa madabodi (bodi kuu) imekufa. Nilitaka nipige Windows upya kwanza. Niko sahihi?

Fundi_Mwanga
Mkuu, flashi ya kupigia Windows weka pembeni. Windows inakaa kwenye diski na mashine yako haijafika huko. Ukibonyeza swichi, BIOS (programu ndogo iliyo kwenye bodi) inakagua kwanza prosesa, RAM (vijiti vya kumbukumbu) na kadi ya picha, ndipo inatafuta diski. Inayokwama kabla ya nembo kutokea, tatizo ni kifaa au mpangilio wa BIOS. Na bodi inayolia mara nyingi ni nzima. Toa RAM zote uwashe: ikiendelea kulia, prosesa inafanya kazi. Maana ya milio mitatu inategemea mtengenezaji wa BIOS, ila mimi ningeanza na RAM.

Chomoa waya ukutani, kisha bonyeza swichi sekunde 10 umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika chochote ndani. Toa RAM, itazame kwenye mwanga. Hapa kwetu ziwani hewa ina unyevu, ukichanganyika na vumbi yale meno ya dhahabu yanafanya utando wa kahawia. Sugua taratibu kwa raba nyeupe ya penseli, mbali na bodi, makombo yapanguse kwa brashi kavu. Msasa usiuguse kabisa: unaondoa dhahabu, na kinachobaki kinashika kutu. Tundu lipulize kwa blowa, usitumie mdomo, mate nayo ni maji. Kisha rudisha kijiti kimoja tu, kandamiza mpaka kibanio kijifunge chenyewe. Jaribu kila kijiti kwenye kila tundu, uandike majibu.

Mwanafunzi_Ujiji
Asante sana mkuu. Kimoja kinawasha kila tundu, cha pili kinalia popote. Nimepata RAM aina ya DDR4 ya bei nzuri, itaingia? Halafu saa inarudi nyuma miaka kila nikichomoa umeme.

Dada_Bisibisi_Tabora
Hicho cha pili kimekufa, mdogo wangu. Kabla ya kununua soma kibandiko cha kile kizima. Kikiwa DDR3, hiyo DDR4 haiingii: pengo liko mahali pengine na volti ni 1.2 badala ya 1.5. Ukilazimisha unavunja tundu.

Saa ni betri ya bodi, CR2032 ya volti 3. Mita ikisoma chini ya 2.7, badilisha. Lakini kwanza piga picha kurasa za mipangilio ya BIOS, maana ukitoa betri inaweza kufutika, hasa ya SATA (njia ya kuunganisha diski). Ikiwa SATA ilikuwa kwenye hali ya AHCI, ikirudi ile ya IDE, Windows inaleta skrini ya bluu, na hapo ndipo watu wanafomati mashine isiyo na kosa, picha na kazi za mteja zinapotea. Inaniuma kila nikisikia. Tarehe ikiwa mbovu, tovuti nyingi pia hukataa kufunguka, maana cheti cha usalama kinaonekana muda wake haujaanza. Mteja atakwambia intaneti haifanyi kazi.

Huku kwetu kiangazi ni vumbi tupu, safisha na feni ya prosesa ukiwa umeizuia kwa kidole isizunguke.

Fundi_Mwanga
Sawa kabisa dada. Kijiti kilichobaki kipime kwa MemTest86 (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, kiache kimalize mizunguko yote. Likitokea hata kosa moja, usimrudishie mtu.

Pima na pawa saplai (sanduku linaloleta umeme ndani ya mashine) mashine ikiwa imewaka. Kwa saplai ya kawaida, aina ya ATX, waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu 4.75 hadi 5.25, ncha nyeusi ya mita ikiwa kwenye waya mweusi. Baadhi ya desktopu za Dell na HP zina plagi zao, hizo rangi usizitegemee. Volti zikisoma chini ya hapo, badilisha saplai nzima. Sanduku lake usilifungue: kapasita za ndani hubaki na umeme hata ikishachomolewa.