Uliyetaja muuaji jana sebuleni kwangu, sambusa ikiwa mdomoni, jitokeze!

Mpenda_Upelelezi: Wakuu, salamu nitazileta hasira zikipoa. Mnamjua. Simtaji, ila ukisema tu "yule", kila Mswahili wa London mashariki anajua ni nani.

Jana mvua imetufungia ndani tangu asubuhi, nikaita watu saba tuangalie filamu ya mauaji ya Kiingereza, zile za hadithi za Edgar Wallace, mwandishi wa upelelezi, zilizopigwa studio za Merton Park, 1960 hadi 1965. Nyeusi na nyeupe. Pale mwanzoni kile kichwa cha sanamu kinazunguka kwenye moshi, hata mwanangu mdogo kanyamaza.

Filamu yenyewe saa moja tu! Dakika ya arobaini mkaguzi kashika kitasa cha mlango. Sebule kimya, unasikia friji inavyonguruma. Yule bwana, sambusa mdomoni, macho kwenye sahani: "Si ndiye huyo sekretari aliyemuua?"

Sambusa mdomoni, wakuu! Punje ya nyama imedondoka kwenye zulia langu wakati anamtaja muuaji.

Filamu ya bajeti ndogo haina helikopta wala magari ya kulipuka. Ina ofisi moja, ngazi moja na koti la mvua. Mali yao yote ni jina la muuaji. Ukilitaja umewaibia mpaka mapazia. Hapa London kuna mchezo wa jukwaani wa mauaji ulioanza 1952, na watazamaji huombwa wasitoboe siri wakitoka. Watu wasiojuana wanatunza siri! Huyu kala sambusa zangu tisa, ya kumi kaniulia filamu. Akatafuna, akameza, akaomba pilipili. Pilipili!

Shangazi_Mvita: Pole mwanangu. Ila sisi ambao hatujaiona umeshatuambia ni sekretari. Wewe na yule mna tofauti gani?

Mpenda_Upelelezi: Jina la filamu sijataja, shangazi! Ziko arobaini na ushei.

Mkuu_wa_Kaya: Mtoa mada, povu la nini? Watuhumiwa wenyewe huwa wanne. Hata mlinzi wa geti angempata.

Kanda_Mbili: Mnalilia Merton Park? Mimi naangalia zile za miaka ya 1930. Sheria ya 1927 ililazimisha wasambazaji na kumbi za sinema za Uingereza wawe na filamu za kwao, basi kampuni za Marekani zilizosambaza huko, ili zitimize sheria tu, zikawa zinalipia za chapuchapu, pauni moja kwa futi ya mkanda. Sauti yenyewe inakoroma, na shemeji yangu anaongea na simu mwanzo mpaka mwisho. Nimfanyeje shemeji?

Bi_Mdogo: Shemeji ana nafuu. Mume wangu anasogeza mpaka mwisho amjue muuaji, ndipo arudi mwanzo aangalie kwa raha zake. Miaka kumi na moja ya ndoa.

Mkuu_wa_Kaya: Huyo apelekwe kwa wazee.

Shangazi_Mvita: Tuje kwenye la maana. Sambusa kumi mtu mmoja? Manda ulinunua au ulisukuma mwenyewe?

Mpenda_Upelelezi: Nilisukuma mwenyewe, shangazi. Lakini tulikuwa tunamzungumzia yule...

Bi_Mdogo: Manda za dukani siku hizi zinapasukia kwenye mafuta, nyama yote inabaki karaini. Nimetupa pakiti mbili wiki hii.

Kanda_Mbili: Afadhali zako zinafika karaini. Zangu zinakatika nikizibandua.

Shangazi_Mvita: Zifunike kitambaa kibichi. Mtoa mada, nusu kilo ya unga ilikutolea ngapi?