Kaunti ya Johnson, Iowa: tupange Iowa City au North Liberty?

Mgeni wa Julai
Ndugu zangu, sisi ni familia ya watu wanne, na tunahamia Kaunti ya Johnson mwezi wa Julai kwa kuwa mume wangu amepata kazi ya usiku katika kiwanda kilichopo kusini-mashariki mwa Iowa City. Tumebakiwa na nyumba mbili, zote za vyumba viwili. Ile ya Iowa City ni dola 1,150 kwa mwezi, joto na maji vikiwa ndani ya pango. Ile ya North Liberty ni dola 980, lakini bili zote ni juu yetu. Tuna gari moja. Ninyi mnaoishi huko, mngechagua ipi?

Mama Mapacha
Dada, karibu Iowa. Usilinganishe bei hizo mbili kabla hujajua nyumba ya North Liberty inapashwa joto kwa gesi au kwa umeme. Ukienda kuitazama, angalia chini ya madirisha: ukikuta masanduku marefu ya bati yamebanwa ukutani karibu na sakafu, kwa kawaida huo ni umeme, na katika zile wiki ambazo kipimajoto hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, bili yake inaweza kumeza tofauti yote ya dola 170 na kudai nyongeza. Uliza bili ya Januari iliyopita, si wastani wa mwaka, maana wastani huficha baridi. Upo pia msaada wa serikali wa kulipia joto, unaoitwa LIHEAP, ambao kwa familia nyingi maombi hufunguliwa tarehe 1 Novemba. Lakini usiupangie bajeti kabla haujaidhinishwa.

Dereva wa 380
Shikamoo Mama Mapacha. Ninaishi North Liberty na ninaipenda, kwani ni tulivu na barabara kuu ya 380 iko karibu. Hata hivyo, kwa gari moja sikushauri uhamie huku. Mabasi ya Iowa City hayatozi nauli tangu Agosti 2023, ilhali huku kwetu safari za basi ni chache. Mumeo hatanufaika nayo, kwa sababu zamu ya usiku huisha au huanza wakati mabasi yamelala. Atakayenufaika ni wewe, utakapohitaji kumpeleka mtoto kliniki huku mumeo amelala na funguo za gari ziko mfukoni mwake.

Mpangaji Mkongwe
Naongeza jambo la tarehe. Karibu na Chuo Kikuu cha Iowa, mikataba mingi huisha mwishoni mwa Julai na mingine huanza Agosti, na katikati hubaki siku ambazo mtu hana nyumba. Ndipo utakapoona magodoro na makochi yamejaa kando ya njia. Hakikisha siku ya kukabidhiwa funguo imeandikwa ndani ya mkataba. Katikati ya mji wa Iowa City usihangaike napo, kwani huko wenye nyumba huwalenga wanafunzi.

Mgeni wa Julai
Asanteni kwa ushauri. Mwenye nyumba wa Iowa City anadai dhamana ya miezi miwili. Je, ni halali?

Karani wa Coralville
Ni halali, na hapo ndipo kikomo: sheria ya Iowa hairuhusu dhamana kuzidi pango la miezi miwili. Mkihama, mpeni mwenye nyumba anwani yenu mpya kwa maandishi, kisha ana siku 30 za kurudisha dhamana au kueleza kwa barua alichokata na sababu yake. Pigeni picha za kila chumba siku ya kuingia, hasa zulia na ndani ya jiko. Ulizeni pia majengo yaliyojengwa kwa unafuu wa kodi ya serikali, kwani pango lake lina ukomo kwa wenye kipato cha chini. Vocha ya nyumba, yaani msaada wa serikali wa kulipia sehemu ya pango, ni habari nyingine: foleni ni ndefu, na tangu sheria ya jimbo ya 2021, miji haiwezi kumlazimisha mwenye nyumba kuipokea.

Mgeni wa Julai
Nimemwandikia wakala wa North Liberty, naye amejibu kuwa joto ni la umeme. Kesho nitamwomba yule wa Iowa City atukubalie kulipa dhamana kwa awamu mbili, na akikubali nitataka iandikwe kwenye mkataba.