Kupoza kompyuta kwa maji kwa mara ya kwanza: seti nzima ya Kichina, kuchagua kifaa kimoja kimoja, au AIO?

Pikseli_Njiro
Wakuu, habari za jioni. Nahariri video za safari, na chumba ninachohariria ndicho ninachorekodia sauti ya msimulizi. Mashine ina prosesa ya Ryzen 7 5800X na kadi ya picha (GPU) ya RTX 3080 iliyotumika. Nikianza kurenda (kutoa video iliyokamilika), feni za GPU zinapanda mpaka maikrofoni inazinasa, inabidi kazi moja isubiri nyingine. Nataka kuingia kwenye maji, ila sijawahi kufunga hata mrija mmoja.

Kesi inakubali rejeta ya milimita 360 mbele na ya 240 juu. Bajeti ni milioni moja na nusu. Njia ninazozipima:

A: seti nzima ya Bykski au Barrow, rejeta ya 240, pampu na tanki, bloku ya prosesa (kipande cha metali kinachopitisha maji juu ya chipu) na mirija migumu, vyote kwenye boksi moja.
B: kuchagua mwenyewe, rejeta ya 360, pampu ya D5, mirija laini, bloku ya prosesa na ya GPU.
C: AIO ya 360 (seti ya maji iliyofungwa tayari kiwandani) kwa prosesa, GPU ibaki ilivyo.

Moyo uko A, ile mirija migumu inapendeza. Nishaurini kabla sijalipia.

Wati_Kwanza
Mkuu, urembo weka pembeni, tuanze na wati. 5800X ikiachiwa inakula mpaka 142, na 3080 ni kadi ya wati 320. Jumla 462, na zaidi ya theluthi mbili inatoka kwenye GPU. Sasa rudi usome A na C yako: zote zinapoza prosesa tu. Utakuwa umelipa kunyamazisha kifaa kisichokusumbua, na feni zile zinazoingia kwenye maikrofoni utazikuta palepale. Seti za kuanzia nyingi ndivyo zilivyo, bloku ya GPU haimo kwa sababu kila ubao wa kadi una bloku yake.

Kwa hiyo B ndiyo pekee inayojibu shida yako. Lakini B ulivyoiandika bado ni pungufu. Kanuni ya mtaani ni milimita 120 za rejeta kwa kila kifaa kinachopozwa, halafu unaongeza 120 nyingine. Vifaa viwili, unafika 360. Hiyo inatosha kuzuia joto lisipitilize, haitoshi kwa ukimya. Ukitaka feni zitembee polepole na wati 460 zinaingia, tumia na ile nafasi ya juu: 360 na 240. Unene wa mm 30 unatosha. Za mm 60 zinataka feni yenye msukumo, na ukiiweka juu inagombana na RAM.

Wala usikose usingizi kwa mpangilio wa kipi kipokee maji kwanza. Maji yakizunguka lita 4 kwa dakika huku yamebeba wati zote 462, tofauti ya joto kati ya mwanzo na mwisho wa mzunguko haifiki digrii 2. Sharti ni moja, tanki litangulie pampu na likae juu yake, pampu isije ikazunguka kavu.

Kijiwe_SokoKuu
Mimi naenda kinyume. Fungua programu ya MSI Afterburner, shusha kikomo cha umeme cha hiyo 3080 mpaka asilimia 75. Wati 320 zinakuwa 240, na kasi haishuki kwa kiwango hicho hicho, inashuka kidogo. Prosesa ipe kipozeo cha hewa kama Thermalright Peerless Assassin. Pesa nyingine peleka kwenye lenzi. Hewa haivuji.

Pikseli_Njiro
Nimeijaribu hapa hapa mkuu. Kelele imepungua kweli, ila maikrofoni bado inaisikia. Nitaiacha hivyo hata nikifunga maji.

Kijiwe_SokoKuu
Basi sawa, wewe una sababu. Wengi wanaouliza maji hapa wanataka taa tu.

Fundi_UngaLtd
Mimi ni mtu wa rejeta za magari, kompyuta naziona kwa mwanangu, lakini kwenye metali niacheni niseme. Rejeta za Land Rover za zamani zilikuwa za shaba, ikitoboka unaichomelea risasi inarudi barabarani. Gari za siku hizi ni alumini na tanki la plastiki. Zote zinapoza. Kinachoharibu ni kuzichanganya: shaba na alumini zikikutana ndani ya maji yale yale, umeme mdogo unapita kati yao na alumini ndiyo inayoliwa. Mwanangu alinionyesha bloku inang'aa kama fedha, kumbe ni shaba iliyopakwa nikeli. Basi na rejeta iwe ya shaba. Ukiona inauzwa kwa bei ya kushangaza na tangazo halitaji metali, muulize muuzaji kwa maandishi.

La pili ni maji yenyewe. Ya bomba usiyaguse. Floridi ya huku Arusha tunaijua kwa meno yetu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya kuzunguka Meru vinapita hapo. Lakini hata ukiacha floridi, kuna chumvi zinazoganda kama zile za ndani ya birika, na mifereji ya bloku haifiki upana wa milimita moja. Maji ya chupa ya kunywa nayo yana madini. Nunua maji ya betri, yale ya kuongezea, vituo vya mafuta wanayo. Ila soma chupa kwa makini, maana asidi ya betri inaweza kukaa rafu moja nayo, na ile ni ya salfa, itakula kila kitu pamoja na vidole vyako. Humo tia dawa ya kuzuia kutu na ya kuzuia mwani, iliyotengenezwa kwa kazi hii. Kulanti ya gari mara nyingi ni glaikoli ya ethylene, ni sumu na ina utamu. Nyumba yenye mtoto au paka siipendi humo.

Wati_Kwanza
Fundi umemaliza. Naongezea tu kwamba alumini si za vichochoroni peke yake. Kampuni ya EK walitoa seti za Fluid Gaming mwaka 2017 zikiwa za alumini, na zilikuwa sawa mradi usiunganishe kifaa cha shaba. Anayenunua vilivyotumika aangalie hapo.

Dada_Mbuyuni
Shikamoo fundi. Wengine hamjambo.

Nina mzunguko wa maji hapa Moshi, kwa hiyo nitaongelea mirija na fitingi (viungio vya kushikia mirija), maana ndiko bajeti inakoishia bila mtu kujua.

Pikseli kaka, mirija migumu iache kwa mara ya kwanza. Plastiki yake, PETG, unaipasha kwa bloa ya joto, unaipinda ukiwa umeweka kamba ya silikoni ndani isibonyee, kisha unakata kwa kipimo kamili. Ukikosea kidogo haikai kwenye fitingi, na isipokaa inavuja. Siku ukibadilisha kadi unaanza upya. Mrija laini unakata kwa kisu chenye makali na unasukuma.

Ila laini nayo si moja. Ile ya PVC inayoona ndani inapendeza miezi ya mwanzo, halafu kilainishi kilichomo kinaanza kutoka, mrija unafanya ukungu na mabaki yanakwenda kujaa kwenye bloku. Chukua mpira mweusi wa EPDM. Hauna urembo, lakini unausahau. Vipimo viwili vinapatikana sana, 10/13 na 10/16, yaani kipenyo cha ndani na cha nje. Mimi ni mtu wa 10/16 kwa sababu ukuta wake ni mnene, haujikunji kwenye kona. Fitingi lazima iwe ya kipimo kile kile cha mrija. Upande wa uzi huna wasiwasi, karibu zote ni G1/4, ya Barrow inaingia kwenye rejeta ya Alphacool bila maneno.

Sasa hesabu: bloku mbili, rejeta mbili, pampu na tanki kama kifaa kimoja. Vitano mara mbili ni fitingi kumi. Weka mbili za akiba, ikipungua moja huku kwetu unasubiri mzigo mwingine mzima. Tena weka tii (kiungio cha njia tatu) na koki sehemu ya chini kabisa. Watu wanairuka kubana matumizi, kisha siku ya kumwaga maji wanageuza kesi miguu juu.

Pampu: chukua aina ya D5, usichukue aina ya DDC. DDC ni ndogo na ina msukumo zaidi, ila inachemka na ina mlio mwembamba. Kwa mwenye maikrofoni huo mlio ni balaa. Iwe ya PWM, yaani inayopangiwa mwendo na kompyuta, uishushe mwendo. Nakala zenye umbo la D5 zipo tele, sikatazi mtu, lakini ikifa pampu kila kitu kimesimama.

Nyingine ya wakazi wa huku. Arusha mjini ni takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Dar. Feni inayozunguka mwendo ule ule inasukuma hewa pungufu, kwa hiyo vipimo vya YouTube vitoe kidogo. Kwetu Moshi tuko chini zaidi lakini Februari mchana joto linapita digrii 30, na maji hayawezi kushuka chini ya joto la chumba. Dawa ya yote mawili ni kuongeza rejeta badala ya kuongeza mwendo wa feni. Chagua yenye mapezi yaliyoachana, vumbi la kiangazi litoke kwa bloa.

Na maji ya rangi za maziwa, yale ya kwenye picha, hapana. Yana chembe zinazotuama.

Fundi_UngaLtd
Marahaba binti. Hiyo koki ndiyo ya kwanza kununua.

Pikseli_Njiro
Asanteni sana. A nimeitupa. Nimepiga hesabu ya B ya rejeta mbili na bloku mbili, inapita bajeti, na bado sijaweka kargo wala ushuru. Nipunguze wapi?

Kijiwe_SokoKuu
Punguza yote 😄

Wati_Kwanza
Bloku ya prosesa na rejeta ya 240 zisubiri. Funga maji kwenye GPU peke yake: rejeta ya 360 mbele, D5 na tanki, bloku ya kadi, fitingi sita na akiba. Prosesa ikae na kipozeo kikubwa cha hewa alichosema Kijiwe. Wati 142 ule mnara unazimudu kimya kimya. Kadi nayo umeshaishusha hadi 240, rejeta ya 360 itacheka. Ukipata pesa unafungua koki, unaongeza.

Dada_Mbuyuni
Naunga mkono. Bloku ya kadi iagize mwisho, kwanza hakikisha ubao. 3080 ya kampuni hii na ya ile zinaweza kuwa na ubao tofauti kabisa, na hata kampuni moja hutoa matoleo zaidi ya moja ya kadi ile ile. Usiende na jina la kwenye boksi, hasa kadi iliyotumika. Soma namba iliyochapwa kwenye ubao, linganisha na orodha ya mtengenezaji wa bloku, uone na unene wa pedi za joto wanazotuma.

Fundi_UngaLtd
Vikifika, jaribu kwa upepo kabla ya maji, kama gereji. Kuna vipimo vya presha vyenye uzi wa hiyo G1/4 na pampu ya mkono. Jaza nusu ya baa, funga, kaa nusu saa ukiangalia mshale. Ukishuka, kaza fitingi moja moja. Maji yakiingia, washa pampu pekee, mothabodi isipate umeme, na tishu chini ya kila kiungio. Yakimwagika usijidanganye kwamba maji ya betri hayapitishi umeme, yakishapita kwenye metali yanapitisha.

Pikseli_Njiro
Nimelegeza skrubu za kadi. Picha ya ubao na namba yake naweka hapa kesho mchana, kukiwa na mwanga.